Funda la Bia ya Bruda

Watu wakiniuliza nani aliiharibu posa yangu na Sadoki, huwa nawaambia wakae kwanza, maana jibu ni refu na ndani yake hamna mtu mbaya hata mmoja. Ningefurahi kama angekuwepo. Mtu mbaya unamchukia, unamlaani, mwisho unamchoka na unaendelea na maisha yako. Mimi sikujaliwa hata huyo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kwetu ni karibu na Mpui, kwa mzee Ignasi na mama Albina, na kazi yangu ilikuwa misheni, kwa Bruda Basil. Bruda alikuwa Mbelgiji mrefu, masikio mekundu kwa baridi yetu ya Ufipa, fundi wa kuezeka makanisa. Wazungu wengine waliugua malaria. Yeye aliugua hamu ya bia ya kwao. Akaagiza miche, akapanda nyuma ya ghala mmea unaotambaa kwenye kamba, ukafika mpaka kwenye mabati, ukatoa maua ya kijani yenye harufu kali. Maua hayo aliyachemsha pamoja na shayiri, akatia sukari na hamira, akajaza kwenye chupa za divai ya misa na kukaza vizibo kwa waya. Kijijini waliiita bia ya Bruda, na waliitaja kwa kukunja uso.

Mimi niliajiriwa kuosha chupa tu. Siku moja Bruda akaniita ghalani.

"Zita, njoo, onja. Usimeze haraka. Nusa kwanza."

Nikanusa. "Inanukia ganda la chungwa, Bruda. Na mkate."

"Na nini tena?"

"Na majani yaliyonyeshewa mvua."

Akapiga makofi peke yake. "Sasa meza."

Nikameza. Ulitangulia utamu mdogo wa ukoko wa mkate, mapovu yakanichoma puani, na nilipodhani mambo yamekwisha, uchungu ukatokea nyuma, ukakaa kwenye shina la ulimi na kukataa kuondoka. Nikakunja uso, Bruda akacheka. Lakini haikupita dakika, koo likaomba tena.

"Watu wa divai wanaonja, wanatema," alisema kwa Kiswahili chake cha kupimwa kwa rula. "Bia, hapana. Uchungu wake unaishi kooni. Ukitema, hujaonja kitu."

Tangu hapo hakufunga chupa mpaka mimi nionje na kusema iko tayari. Niliona fahari, nisidanganye. Msichana aliyeishia darasa la saba, na mzungu mzima anangojea neno langu! Nikabeba chupa moja nikampelekea mama, maana mama ndiye aliyekuwa bingwa wa pombe ya ulezi pande zote zile. Alipiga funda moja akakimbilia mtungi wa maji.

"Mwanangu," alisema akisukutua, "hii ni dawa ya minyoo. Usinipe tena mpaka nife."

Tulicheka siku hiyo mpaka baba akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Sadoki naye aliletwa na ng'ombe. Sumbawanga ilikuwa imefanywa makao ya mkoa mpya, watumishi wakamiminika kutoka Mbeya, kila mmoja na sanduku lake la bati. Yeye alikuwa bwana mifugo, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani asiyegusa pombe. Alikuja misheni kupima ng'ombe wa maziwa, akanikuta kisimani na chupa zangu.

"Dada, naomba maji ya kunawa."

"Ng'ombe yupi anaumwa?"

"Wote wazima."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kuhakikisha."

Basi akawa anakuja kuhakikisha kila wiki. Ng'ombe wale hawajapata kuhakikishwa vile tangu waumbwe. Alikuwa na macho ya upole, ya mtu anayesikiliza hata usipokuwa unasema, na akinitazama nilikuwa naosha chupa moja mara tatu. Miezi minane ikapita hivyo. Siku aliyoniambia ananitaka, alisema akiwa ameshika pembe ya ng'ombe, bila kunitazama.

"Zita, mimi nyumbani kwangu kuna kitanda, meza na Biblia. Naona pamepungua mtu."

"Tafuta mpangaji."

"Nimeshampata. Nangoja akubali."

Nikakubali. Nilimpenda Sadoki, nalisema wazi hapa nisizunguke. Nilimpenda mpaka nikawa nasikia baiskeli yake kabla haijavuka mto.

Kwa baba ndiko kulikokuwa na mlima.

"Mtu wa Mbeya!" alisema baba. "Asiye wa dini yetu, asiye wa kabila letu, na juu ya hayo hanywi. Mwanamume asiyekunywa kwangu nitamjuaje?"

"Padri amesema wanaweza kufunga ndoa kwa kibali cha kanisa," mama alimjibu taratibu. "Na mtu asiyekunywa hatampiga mwanao."

"Kwetu binti hatoki bila kuonja. Kama kweli anamtaka, atameza mbele yangu. Funda moja. Asipomeza, arudi Tukuyu akaoe huko."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba yetu, tangu kwa bibi na bibi wa bibi. Siku ya posa mama wa binti, aliyepika pombe, anaonja wa kwanza na kumeza, watu waone kwamba kilichomo ni salama. Binti anaipokea kata, kile kibuyu cha kunywea, anapiga magoti, anampa mchumba. Mchumba akimeza, ameoa nyumba nzima. Akitema, amekataa, na mlango huo hafunguliwi tena maisha yake yote.

Nilimweleza Sadoki. Akaanza kuchora ardhini kwa kijiti.

"Lazima?"

"Lazima. Funda moja tu, Sadoki. Baada ya hapo hata ukitaka kunywa maziwa mpaka uzeeni, hakuna atakayekuuliza."

"Kwa ajili yako nitameza," alisema. Aliposema hivyo mkono wake ulikuwa baridi. Nikadhani ni hofu ya wachungaji wake.

Tatizo likawa ulezi. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, na mashamba ya zamani yalibaki mbali. Mvua nazo zilitukimbia. Hapakuwa na ulezi wa kujaza hata kibaba. Baba akataka tusogeze posa mpaka mavuno. Mavuno yapi, wakati mbegu yenyewe tumekula? Na mimi nilikuwa na haraka, mnajua haraka ya mtu anayependa. Ndipo nikafungua mdomo wangu.

"Bruda atatupa bia. Nimemwomba, amekubali."

"Pombe ya kizungu kwenye posa?" baba alishangaa.

"Si ya kizungu, baba. Maua nimeyachuma mimi, chupa nimeosha mimi, na kuonja nimeonja mimi. Ni pombe ya mkono wangu."

Baba akamgeukia mama. Mama alinitazama. Alijua ladha ya bia ile, na mimi nilijua kwamba anaijua. Lakini aliona uso wangu.

"Pombe ni pombe, baba Zita," alisema. "Mtoto apewe."

Sadoki sikumwambia kwamba ni chungu. Nilitaka siku hiyo aonje kitu nilichokijua mimi kuliko mtu yeyote Ufipa nzima, ashangae, kisha koo lake liombe tena kama langu. Nilikuwa nimeota uso wake utakavyokuwa. Nikikumbuka ndoto ile, hata leo naona aibu.

Ikafika Jumapili ya posa, baada ya misa. Upepo ulikuwa unavuma wa kukausha midomo. Upande wetu alikaa baba na ndugu zake, na mama kwenye mkeka. Upande wa wageni walikuja watatu: Sadoki katika suti ya kijivu, mshenga wake Dominiko, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpenda maneno, na shangazi yake Sekela. Shangazi Sekela alikuwa dada wa marehemu baba yake Sadoki, ndiye aliyemlea. Alisafiri siku mbili kutoka Tukuyu kuja kuniona. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama, akasema, "Mikono ya kazi. Mungu asante." Nikampenda palepale.

"Wazee wangu," alianza Dominiko, "sisi tumepita njiani tukaona ua. Hatukuja kulichuma kwa nguvu. Tumekuja kubisha hodi kwa mwenye bustani."

"Bustani ina mwenyewe, na mwenyewe ana masharti," baba alijibu. Watu wakacheka. Mambo yalianza vizuri.

Nikaleta chupa. Niliponyofoa waya, kizibo kikaruka na mlio, shangazi Sekela akashika kifua. Povu likapanda na kumwagika mikononi mwangu.

"Yesu wangu! Mbona inachemka bila moto?"

"Ndivyo ilivyo, shangazi," nilimwambia nikicheka. "Ni hewa tu."

Hakucheka. Nikamimina kwenye kata, nikampa mama. Nilikuwa nimeshafanya kazi yangu, macho yangu yakaenda kwa Sadoki. Alinitazama na yeye. Katika maisha yangu sijatazamwa tena namna ile. Nilisikia vigelegele, nikajua mama amekwisha kuonja, nikapokea kata, nikaenda kupiga magoti mbele ya mchumba wangu.

Shangazi alimwinamia sikioni. Alisema neno moja au mawili kwa Kinyakyusa. Nikaona macho ya Sadoki yakibadilika, lakini kata ilikuwa imeshafika midomoni.

Akapiga funda.

Niliuona utamu ukipita, nikayaona mapovu, maana njia ile niliijua. Kisha uchungu ukafika. Uso wa Sadoki ukageuka wa mtoto aliyeamshwa na moto. Akatema. Hakutema pembeni kwa siri. Alitema mbele, kwenye mkeka, juu ya goti langu, kata ikaanguka, akasimama akijifuta ulimi kwa mkono wa suti yake.

"Mmeweka nini?" alisema kwa sauti iliyokuwa si yake. "Humu mmeweka nini?"

Palikuwa na watu kama ishirini pale uani, na wote wakaitazama kata iliyolala mkekani.

"Sadoki," niliita. "Ni maua tu. Sadoki, ndiyo ladha yake."

Alinitazama, akautazama mkeka, na nadhani ndipo alipoelewa alichofanya. Akapiga magoti. "Mzee, nisamehe. Mzee, niongezeeni, nitameza. Nipeni chupa nzima."

Baba alikuwa amesimama. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Kijana, kukataa ungekataa kwa mdomo, tungeachana kwa amani. Wewe umesema mke wangu ni mchawi. Umesema mbele ya ndugu zangu, nyumbani kwangu, siku ya Bwana."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umeuliza tumeweka nini. Aliyeitoa na kuionja ni nani? Kwangu hakuna wa kuweka kitu. Dominiko, wachukue wageni wako."

"Mzee Ignasi, neno moja tu," Dominiko alijaribu.

"Limekwisha kutemwa, mwalimu. Haliokotwi."

Wakaondoka. Shangazi Sekela alikuwa analia akishikilia kitenge chake mdomoni. Sadoki aligeuka mara moja mlangoni, na mimi nikiwa bado nimepiga magoti, goti langu limelowa bia. Nilitaka kunyanyuka nimfuate. Badala yake nikaiokota kata.

Siku tatu sikula. Mama naye hakula, nikadhani ananionea huruma. Siku ya nne asubuhi tulikuwa kisimani tukifua, wawili tu, akaacha nguo majini.

"Zita, sikumeza."

Sikumwelewa. "Hukumeza nini, mama?"

"Bia ya Bruda. Nilishindwa. Nilijaribu, harufu ikanipanda, nikaona nitatapika mbele ya wageni. Nikalowesha midomo tu, nikajifuta. Nikasema nani ataona?" Aliitazama nguo ikielea. "Yule shangazi ameona. Nilimwona akiniona."

Nikakaa chini kwenye mawe. Basi Sadoki hakuwa mwendawazimu. Alinong'onezwa na shangazi kwamba kata imetoka kwa mama wa binti bila kumezwa, na ndani yake mna uchungu. Nani angemeza?

"Twende kwa baba," nilisema. "Tumwambie sasa hivi. Mama, tukimwambia atamsamehe!"

"Nitamwambia. Na wazee nitawaambia. Ni haki yako," mama alisema. Akaanza kukusanya nguo. "Ila watauliza, Zita. Watauliza kwa nini sikumeza."

"Utasema ni chungu."

"Nani ataamini? Mwanamke aliyepika pombe miaka thelathini, ashindwe na uchungu?"

Nikamwambia tungoje kidogo, watu wapoe.

Hawakupoa. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kina mama kupeleka togwa kwa waliokuwa wakilima shamba la kijiji. Mama alipika togwa ya mahindi, akaipeleka kichwani mwendo wa saa nzima, na mimi nikamfuata na vikombe. Jua lilikuwa kali na watu wana kiu. Mama akajimiminia kikombe cha kwanza, akanywa chote mpaka chini, akageuza kikombe watu waone kimekauka. Akamimina kingine, akamnyooshea mama mmoja ambaye walipokea komunyo ya kwanza pamoja utotoni.

"Nimeshiba, mama Zita," yule alisema.

Wa pili akasema tumbo linamsumbua. Wa tatu aliinama akajifanya anatoa mwiba mguuni. Hakuna aliyemtukana, wote walikuwa wapole. Mama akashukuru, akajitwisha mtungi umejaa vilevile, tukarudi nyumbani. Njia nzima togwa ilikuwa inamwagika kidogo kidogo begani kwake na hakuifuta. Mimi nilitembea nyuma nikaona kila tone.

Wiki ya pili Sadoki akaja misheni. Alikuja saa nne asubuhi, akiwa kwenye lori la serikali. Lori likasimama nje ya lango na injini inanguruma. Nilikuwa ghalani na chupa zangu. Bruda alipomwona aliondoka, akaenda kugongagonga mabati ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Sadoki alikuwa amekonda. Hakunisalimu. Alichukua chupa moja iliyokuwa wazi mezani, akamimina kwenye bilauri ya Bruda, akanywa. Nilimwona akipambana nayo. Machozi yalimtoka, sijui ya bia au ya nini. Akameza, akameza tena, mpaka ikaisha.

"Nimemeza," alisema.

"Umechelewa."

"Najua. Zita, sikuwahi kukueleza baba yangu alikufaje."

"Ulisema tumbo."

"Tumbo, ndiyo. Alikaribishwa pombe na rafiki yake. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa miguuni pake. Alisema, mbona leo chungu? Akacheka, akamaliza, kwa heshima. Kulipokucha hatukuwa naye. Hata leo sijui ilikuwa sumu au ugonjwa wake. Ila tangu hapo mdomo wangu hauwezi kitu kichungu. Hata kwinini navunja vidonge, nafunga kwenye ugali."

"Ungeniambia, Sadoki!"

"Na wewe ungeniambia ni chungu."

Tukatazamana. Alikuwa amesema kweli na hakuisema kwa ubaya. Nilimshika mkono, akaushika wangu, tukakaa hivyo kama watu waliofiwa.

"Nimehamishiwa Kasesya, mpakani," alisema. "Kukagua ng'ombe wanaovuka. Lori ndilo hili. Twende, Zita. Panda ulivyo. Padri wa huko atatufungisha."

"Nikipanda, mama yangu watamwacha hai?"

"Kwa nini?"

"Watu hawanywi hata togwa ya mkono wake. Nikikimbia na wewe watasema hata mwanawe ameogopa kula kwake. Watakuwa na ushahidi."

Akaachia mkono wangu. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

"Basi niambie kitu kimoja. Shangazi alinong'ona kwamba mama yako hakumeza. Ameapa kwa Mungu. Mimi sikuona, nilikuwa nakutazama wewe. Kama kweli hakumeza, nina la kusema. Nitashuka kwenye lori hili, nitakwenda kwa mzee, nitaita wazee wote. Nitasema jamani, nilipewa kata isiyomezwa, mngefanyaje ninyi? Mimi si mwongo na watanisikia. Baba yako ni mtu wa haki, atanifungulia mlango. Lakini sitasema neno hilo bila uhakika, maana ni neno zito kwa mama wa mtu." Akanisogelea. "Zita, mama alimeza?"

Injini ya lori ilinguruma nje. Nyundo ya Bruda ilikuwa imenyamaza. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwangu, jepesi: hakumeza. Ningelisema, jioni ile Sadoki angekuwa amekaa uani kwetu. Baba angemsikiliza. Wazee wangetikisa vichwa, wangesema kijana alikuwa na haki. Kisha wote kwa pamoja wangegeuza shingo kumtazama mama.

"Alimeza," nilisema.

"Una hakika?"

"Alimeza, Sadoki."

Alisimama palepale. Nilimwona akilipokea neno lile na kulibeba, kosa lote, peke yake, kijana wa watu. Akavua kofia.

"Basi nilimtukana mama asiye na hatia. Mpelekee shikamoo yangu. Mwambie nimeomba anisamehe, hata kama sitajua amesamehe."

"Nitamwambia."

"Na wewe kaa salama."

Nilitaka kumwita. Nikashika chupa, nikaendelea kuosha. Lori likaondoka kuelekea barabara ya Zambia, vumbi likabaki limesimama langoni muda mrefu. Bruda akaja, akaona bilauri tupu na uso wangu, akaniambia niende nyumbani.

Mama nilimkuta uani anachambua maharage. Aliinua macho mara moja tu, akajua.

"Alikuja?"

"Alikuja. Amekwenda Kasesya. Amekupa shikamoo."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Na anakuomba umsamehe, mama. Amesema alikutukana na huna hatia."

Mama alifunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti, mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanakwenda. Nikakaa karibu naye, nikauvuta ungo magotini kwangu, nikaendelea kutoa mawe alipoachia. Baba alikuwa anakohoa ndani.

"Ulimwambia nilimeza?" mama aliuliza chini ya kanga.

"Nilimwambia."

"Na wewe, mwanangu, umenisamehe?"

"Nimekusamehe, mama."

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili siku ile, na ulinichukua miaka mingi kuugeuza uwe kweli.